Marehemu wa Kibaraza cha Bi Sihaba

Jumatatu, 1 Agosti 1994. Kibiti.

Nimekufa tena! Leo alasiri, kibarazani kwa Bi Sihaba, mbele ya watu. Yaani shujaa wangu, Sultani Radi. Alikanyaga ubao, ubao ukakatika, chini mikuki. Mimi mwenyewe mzima, nimekula wali.

Niandike vizuri. Mchezo huu ulitoka kwenye robota la mitumba la Mzee Mudathiri, katikati ya makoti: boksi, kitabu cha Kiingereza, na dadu moja ya ajabu yenye nyuso ishirini. Serikali imeruhusu kila kitu kiingie, nacho kimeingia. Bi Sihaba, fundi cherehani, zamani alifundisha elimu ya watu wazima. Alikisoma kitabu kwa kamusi mpaka akakimaliza. Sasa yeye ndiye pango, yeye ndiye mazimwi, yeye ndiye mvua. Anakaa nyuma ya khanga aliyoitundika kwenye kamba, tusije tukaiona ramani yake. Sisi tunasema mashujaa wetu wanafanya nini, kisha dadu inarushwa. Ikitoka namba kubwa, umepona. Ikitoka ndogo, inna lillahi. Kamari hakuna, hata karanga haiwekwi. Sheikh alikuja kuchungulia, akauliza joka lina vichwa vingapi, akaenda zake.

Benchi linachukua wachezaji watatu: mimi, Mzee Mudathiri, na Dadi wa Nyamisati, muuza kamba wa baharini. Dadi ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo mtani, kwa hiyo nikifa ana haki ya kuniigiza. Leo kaniigiza mpaka majirani wametoka. Yowe kama breki za lori la Lindi! Kisha akachukua ngao ya marehemu, eti fungu la mtani. Na Bi Sihaba kamruhusu!

Baya zaidi: Bashiru kinyozi. Kila siku yupo chini ya ngazi, anangoja nafasi. Sasa Bi Sihaba ametangaza kwamba katika safari inayoanza kesho, wa kwanza kufa atampisha Bashiru kiti. Alisema "wa kwanza" huku akinitazama mimi.

Sitoki kwenye benchi lile! Kibiti nzima nina nini? Baiskeli za watu zenye pancha. Pale ndipo mahali pekee ninapoitwa Sultani.

Jumanne, 2 Agosti

Shujaa mpya! Sultani Radi wa Pili. Mkakati: kutembea nyuma. Marehemu wangu wote walikuwa mbele, na mbele ndiko kwenye mashimo. Nikamwambia Mzee Mudathiri kwamba kwa heshima ya umri wake atangulie. Kafurahi. Nikamwambia Dadi kwamba kwa ushujaa wake afuatie. Hakufurahi, lakini kafuatia.

Tukaenda vizuri kabisa. Kisha Bi Sihaba akauliza, kwa ile sauti laini anayomwambia nayo mteja kwamba kitambaa hakitoshi, nani yuko nyuma ya wote.

Kumbe pango lina nyuma! Kitu kama uji mzito, kikubwa kama chumba, kilikuwa kinatufuata tangu mlangoni. Kimemeza mkoba wangu. Kimemeza buti langu. Nimepona kwa mbio tu, nikawapita wenzangu wote wawili, nikajikuta mbele.

Dadi anasema kuku wengi ameona, ila kuku mwenye kilemba cha usultani ndiyo leo. Bashiru kacheka mpaka kashika nguzo. Halafu akalitazama benchi, kama mtu anayepima kitanda dukani.

Alhamisi, 4 Agosti

Dadu! Kwa nini sikufikiri mapema? Miye fundi, nina tupa. Jana niliomba niichukue nikaioshe, kwa kuwa ina shombo la kamba za Dadi. Bi Sihaba akanishukuru. Nikausugua kwa tupa uso wa ishirini ili uwe mwepesi, maana chepesi huja juu. Namba nikaiandika upya kwa wino. Kazi safi!

Leo nikarusha. Moja. Nikarusha tena. Moja! Kumbe uso uliosuguliwa unakuwa mpana, na kilicho kipana hukaa chini hakiinuki; na mkabala wa ishirini, juu, ndipo ilipo moja. Nikajifariji: Dadi naye atapata moja, afe yeye kwanza. Kweli, akapata moja. Mzee Mudathiri, moja. Lakini dadu ni hiyo hiyo, na Bi Sihaba naye huirushia maadui. Mifupa inayotembea ikaturukia na marungu. Moja! Tukaipiga sisi. Moja! Ikatupiga yenyewe. Moja! Tangu alasiri hadi adhana ya magharibi tumepigana na hakuna aliyemgusa mwenzake. Mzee Mudathiri alisema hata harusini watu hugusana zaidi. Mwishowe sisi na mifupa tukaachana, kila mtu akashika njia yake.

Bi Sihaba akaiinua dadu kwenye mwanga. Akanitazama. Akasema panya wa Kibiti siku hizi wana tupa. Ameifungia kabatini. Kuanzia sasa ni vikaratasi vya namba ndani ya kofia ya Mzee Mudathiri.

Lakini nipo hai!

Ijumaa, 5 Agosti

Leo khatibu kahutubu juu ya adabu za kuingia nyumba za watu. Nikashtuka pale pale safuni. Mashujaa wangu wote wamekufa wakiingia mahali bila hodi! Tunapiga mlango teke, tunaingia na mapanga. Mimi mwenyewe, mtu akiniingilia hivyo namtupia spana.

Kesho tunafika kwa joka, mwisho wa pango. Nikawaendea wenzangu. Mzee Mudathiri kaunga mkono papo hapo. Kasema muda wote amekuwa akiona haya, maana sie si watu tuliokosa malezi. Dadi kasema joka halipigiwi hodi, mwanangu, joka linapigwa mkuki. Mzee akamwuliza, kwani weye mama yako alikulea porini?

Nimeshinda!

Jumamosi, 6 Agosti

Siku yenyewe! Watu wamejaa mpaka barabarani. Mlango wa joka, wa chuma. Nikasimama mimi, nikaita hodi. Nyuma ya khanga nikasikia kurasa za kitabu zikifunuliwa haraka haraka. Hodi! Kurasa. Hodi! Kisha sauti nene ikajibu: karibuni.

Karibuni! Nilimtazama Dadi kwa namna nitakayoikumbuka mpaka uzeeni.

Tukavua viatu. Mzee Mudathiri akashikilia kwamba silaha haziingizwi sebuleni, tukaziegemeza ukutani. Joka likauliza habari za safari. Njema. Za nyumbani? Hawajambo. Likasema wageni wake wa mwisho hawakuwa na adabu hata chembe, tena walikuwa wagumu kutafuna. Hapo labda ningetafakari. Lakini likauliza kiongozi wa msafara ni nani, aje akae hapa, karibu na mwenyeji. Mzee alianza kuinuka. Nikamwahi. Nikasema kiongozi ni miye!

Kikaratasi changu: mbili. Nimeliwa nikiwa nimekunja miguu. Mzee badala ya kukimbilia upanga alikimbilia viatu, kaliwa na kimoja mkononi. Dadi peke yake alifika kwenye mapanga. Angepona! Lakini akasimama kwanza kuigiza ninavyoliwa. Kaliwa katikati ya maigizo.

Msafara umekwisha, hakubaki hata wa kupeleka taarifa. Na wa kwanza ni mimi. Nikabisha kwamba kumezwa si kufa, kwamba humo tumboni nilikuwa bado nazungumza. Bi Sihaba akasema basi niendelee kuzungumza nikiwa humo humo, nimpishe Bashiru. Bashiru akakaa. Kwanza alipangusa mahali pangu kwa kitambaa cha saluni.

Jumapili, 7 Agosti

Nimekaa chini ya ngazi, juu ya tairi. Mashujaa wapya, pango lile lile, ila sasa njia wanaijua. Mzee Mudathiri hasemi nami.

Si kitu! Asubuhi nzima nikiziba pancha nimefikiri, na nimegundua. Hodi haikuwa na kosa hata kidogo. Joka liliitikia, likatukaribisha, likauliza hali. Kosa ni kwamba tulikwenda mikono mitupu! Watu wazima watatu, mara ya kwanza nyumbani kwa mtu, bila hata nazi mbili. Joka lilivunjika moyo.

Nimemwita Bashiru pembeni nikamweleza. Mgeni, hajui lolote, kanisikiliza kama mtoto wa chuo. Shujaa wake ameuza upanga na kununua mbuzi. Bi Sihaba aliposikia amecheka mpaka kajichoma sindano. Dadi ameshaanza mazoezi ya yowe la Bashiru. Afanye tu!

Kesho wanafika mlangoni. Mbuzi ni beberu, mnono, ana kengele shingoni. Hapa sioni pa kushindwa.