Wanangu Wanakula Chakula cha Mbuzi Wangu

Kambi ya Barabara, Tunduru
Jumapili, 10 Novemba 2024
(Leo ni miezi saba na siku tisa tangu niondoke nyumbani Terrat.)

Kwa Nesi Hedwiga,
Zahanati yetu, Terrat, Arusha.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SOMO LAKO LA MBOGA NA MATUNDA

Shikamoo. Najua kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia, lakini mtu ambaye mke wangu anamtii kuliko mimi hawezi kuwa mdogo kwangu.

Mimi ni Lengai, mume wa Sinyati, yule anayemleta kliniki binti yetu Nanyori. Huku nachimba mitaro ya barabara. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitasema wazi, ila kwa heshima.

Kabla ya kuondoka nilichagua mbuzi mwekundu, dume aliyehasiwa, nikamwambia Sinyati: huyu ni wa siku nitakayorudi. Wanaume wa rika langu wote wanamjua. Wakipita nyumbani wanamsalimia yeye kwanza, watoto baadaye. Sasa mbuzi huyo amekonda, na aliyemkondesha ni wewe. Maelezo ni haya:

1. Ulimpima Nanyori ukasema damu yake ni kidogo. Hapo sina neno. Pasaka nilimwacha mgongoni kwa mama yake, miaka minne, hana nguvu hata ya kulia. Lakini ukaendelea ukawafundisha akina mama kwamba mboga na matunda si vitu vya matajiri wa Njiro peke yao, eti kila nyumba ina vya kwake inavyovitupa. Sinyati akarudi nyumbani kutazama tunatupa nini. Nesi, kwetu hatutupi kitu. Tunampa mbuzi.

2. Majani ya maboga yalikuwa ya mbuzi. Majani ya kunde yalikuwa ya mbuzi. Mchicha unaoota wenyewe nyuma ya zizi, na mapapai yaliyobonyea, hayo yote yalikuwa ya mbuzi na hakuna aliyebishana naye. Sasa vinaingia sufuriani, pamoja na nyanya za fungu ambazo Sinyati anazinunua soko la Kilombero jioni, wachuuzi wakiwa wamechoka na wanataka kwenda kwao.

3. Nilituma hela ya nyama kilo mbili. Ikanunuliwa moja. Nyingine ikageuka machungwa, karoti na mbegu. Nilipouliza kwenye simu, nikajibiwa, "Baba Nanyori, kilo moja inatosha kunukisha." Nyama ya kunukisha! Mimi ni Mwarusha, Nesi.

4. Gadiel, mwanangu wa miaka kumi, nilimwuliza nimletee nini kutoka huku. Nilitegemea mpira. Akasema, "Baba, maembe." Kisha akanong'ona, "Lakini uyafiche. Nanyori siku hizi ananinyang'anya, na anakimbia kuliko mimi."

5. Jirani yangu Anaeli alinipigia akasema, "Lengai, familia yako imekuwa mbuzi, na mbuzi wako anafunga Kwaresma." Alicheka mpaka salio lake likaisha.

6. Mwanamume wa kwetu hali majani. Tukichinja, tunachemsha supu kwa mizizi na magome tuliyoyachimba wenyewe porini, na anayestahimili uchungu ndiye anayesifiwa. Hiyo ni dawa. Nakuomba usije ukawaambia akina mama kwamba hiyo nayo ni mboga, maana Sinyati ameshaanza kusema hivyo.

Kwa hiyo, ukipiga hesabu hata kwa darasa la tano: kila watoto wanaponenepa, mbuzi anapungua. Wakiendelea hivi, Krismasi nitakuta ngozi na pembe, na rika langu zima litakaa uani kwangu likitazama mchicha.

Naomba somo lile lifutwe. Likishindikana, zahanati imlishe mbuzi. Likishindikana hilo nalo, mbuzi afunguliwe kadi ya kliniki, apimwe uzito kila mwezi, na akishuka mimi nipigiwe simu, kama nilivyopigiwa kwa ajili ya Nanyori.

Nisalimie wote waliokaa kwenye benchi wakisubiri kupima watoto, hata wale waliokuchungulia begani ukisoma wakacheka. Msalimie na mwenye mizani.

Ni mimi, mwenye mbuzi mwembamba,
Lengai Yiamat (Baba Nanyori)

Nyongeza: Sehemu hii usimsomee Sinyati. Tangu Agosti fizi zangu zinatoka damu. Kambini ni ugali na maharage, kesho maharage na ugali. Nimepanda mnavu kwenye kiroba nyuma ya bweni. Wenzangu nimewaambia ni dawa ya supu. Sasa umeingiwa na wadudu weusi. Sinyati anaweka nini kwenye mboga zake, majivu? Muulize kama vile unamwulizia mtu mwingine. Na mbuzi asichinjwe, nimesikia samadi yake ndiyo inayokuza huo mchicha. Rika langu nitaliambia mwenyewe, nikipata maneno. Nitafika Jumamosi, tarehe 21 Desemba, na maembe kumi, sitaficha hata moja. Nanyori asibebwe kuja kunipokea. Nataka kumwona akikimbia.