Sindano Tatu na Uzi wa Mikumi

Jumatatu, 9 Agosti 1999. Kilosa.

Leo nimebuni kiungio. Naandika tarehe vizuri ili historia isisumbuke kunitafuta.

Sababu ni kota. Reli ilipotupunguza kazini ilituacha tukae humu kwa huruma. Sasa huruma nayo imebinafsishwa. Kampuni iliyotandaza kebo ya nyuzi za kioo kutoka hapa hadi Mikumi, kandokando ya reli, imechukua chumba cha zamani cha telegrafu na kota zetu mbili. Moja itavunjwa. Nyingine atakaa mlinzi wa kudumu. Walinzi wa muda tuko wawili: mimi, niliyekuwa karani wa telegrafu, na jirani yangu Makarius, aliyekuwa akivuta mikono ya ishara, ile ya chuma inayoruhusu treni kupita. Mwisho wa mwezi anabaki mmoja.

Sihami tena. Baba alinileta kutoka Songea nikiwa mtoto, kwa ahadi ya nyumba katika shamba la mkonge. Mkonge ukaanguka bei, tukahamishiwa kijiji kipya kwa ahadi ya nyumba. Kijiji kikachukuliwa na maji, reli ikanipa ahadi yake. Kila mara niliambiwa nyumba iko tayari. Kila mara nilioneshwa mahali pa kuijenga.

Fundi mkuu wa kampuni ni Innocent, kijana mwenye adabu, huniamkia hata akiwa na haraka. Analalamika kwamba viungio kutoka ng'ambo vinamla mchana kutwa: atie gundi, aoke, asugue ncha, akague kwa darubini, atupe, aanze upya. Amesema mtu akimletea kiungio ambacho hata bibi yake wa Berega angeweza kukifunga, atamwajiri papo hapo. Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele. Kazi yote ni kuzikutanisha ncha mbili zitazamane sawasawa. Zikipishana kidogo, mwanga unamwagika. Jibu langu: sindano tatu za cherehani, namba themanini, zilazwe pamoja zigusane. Katikati hubaki kijitundu, nacho, nimekokotoa, kinatosha uzi mmoja tu. Ncha moja huku, nyingine kule, tone la gliserini, kibanio cha nguo. Basi. Wazungu wameoka bure.

Jumanne, 10 Agosti.

Sindano nimezipata kwa Hildegarda, fundi cherehani wa sokoni. Akauliza nashona nini siku hizi. Nikasema naunga maisha yangu. Akasema kwa kiraka hicho nitahitaji kitambaa kingi.

Hazikumaliza saa moja mezani kwangu. Makarius aliingia, akazitia mfukoni. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Mtani wako akichukua hulalamiki, unakomboa. Akaniuliza babu zangu walikuwa wakishona nini na sindano, au tundu lake ndilo lilikuwa njia ya kukimbilia walipowaona Wahehe. Nikamjibu kwamba babu zangu wanawakumbuka sana Wahehe, hasa migongo yao. Akafurahi. Nimezikomboa kwa jogoo. Alikuwa mzee, lakini alikuwa jogoo.

Kiungio kimekamilika. Nimeunga vipande viwili vya mabaki, nikawasha tochi upande mmoja. Mwanga umevuka kama mtu anayeingia kwake.

Nikataka jaribio kubwa. Katika kebo kuna uzi wa akiba usiotumika, unaofika Mikumi na kuishia hewani. Zamu ilikuwa yangu. Nikafunga madirisha ya chumba cha telegrafu, nikaunga kipande changu kwenye uzi huo, nikaweka jicho, jambo ambalo Innocent amelikataza kabisa. Ilikuwa mchana, jua kali, mbuzi wakilia nje.

Ndani ya uzi palikuwa na mwanga mweupe. Ukawaka, ukazimika. Nukta, kistari. Nukta. Ilikuwa lugha yangu ya telegrafu. Mtu alikuwa akiita Kilosa.

Mkono wa aliyetuma niliufahamu kidogo. Alivuta kistari cha mwisho, kama mgeni anayekawia mlangoni akiaga.

Sasa, kwenye reli, kituo kikiitwa kinajibu. Karani anaweza kuacha ugali, anaweza kuacha mke mwenye uchungu, lakini haachi wito, kwa sababu upande wa pili kuna treni imesimama na watu ndani. Nikachukua tochi, nikajibu kwamba Kilosa ipo. Ikaja: Njia wazi? Kidole changu kikajibu kabla ya kichwa: Njia wazi.

Ndipo nikakumbuka kwamba reli ya Mikumi haijapitisha treni tangu mvua kubwa zilipobeba daraja.

Jumatano, 11 Agosti.

Bila shaka ni Makarius. Nimemfuata kotani kwake na kumwambia mchezo wake nimeujua.

Akauliza mchezo gani. Jana mchana, akasema, alikuwa Kimamba kwenye mazishi ya mtani mwingine. Alikaa ndani ya kaburi, akakataa kutoka mpaka wafiwa wampe ugoro. Nimewauliza waliokuwako. Ni kweli. Wamesema aliwachekesha hata wajane.

Nikamuuliza Innocent, kijuujuu, kama mwanga wa tochi unaweza kutoka Mikumi mpaka hapa ndani ya uzi. Akasema hapana, mzee, unakufa kabla ya nusu ya njia. Kampuni inatumia mwanga mwingine ambao jicho halioni.

Nimetafakari hilo kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Mwanga unakufa njiani. Mimi nimeuona. Hitimisho ni moja: kiungio changu kinafufua mwanga uliokufa. Nitaomba kota pamoja na posho.

Ijumaa, 13 Agosti. Mikumi.

Nimeomba lifti katika gari la kampuni, nikidai nina jino linaloniuma. Innocent akaenda kukagua nguzo, nami nikaenda stesheni kuona uzi wangu unaishia wapi.

Unaishia ndani ya sanduku la bati, umeviringishwa, ncha yake imevikwa kofia ya mpira. Juu ya kofia buibui ametanda, naye hakuonekana kusumbuliwa na yeyote siku za karibuni.

Nje, Joha anauza chai na vitumbua palepale abiria walipokuwa wakishukia. Shikamoo, marahaba. Aliposikia natoka Kilosa akaniuliza ni nani huko aliyeshusha mkono wa ishara. Jumanne mchana, akasema, mkono ulishuka, kama zamani treni ilipokuwa ikikaribia. Nikatazama. Kweli umeshuka. Nikamwambia haiwezekani, waya wa kuuvuta ulishauzwa chuma chakavu. Akasema hilo analijua, mnunuzi alikunywa chai yake.

Halafu, akaendelea, siku hiyohiyo mbuzi waliondoka relini, wakasimama pembeni wamejipanga, wanatazama upande wa darajani. Kitu kikapita. Upepo wake ulimwaga vikombe. Haukuwa na sauti.

"Mzee, kama mnapitisha vitu, muwe mnasema," akaniambia. "Mimi nina biashara hapa."

Nikamuuliza, kwa kupitisha maneno tu, kuhusu Danieli, karani mwenzangu wa Mikumi. Nilikuwa najua jibu. Alikuwa juu ya toroli la reli daraja lilipoondoka, walikuta kofia tu. Danieli ndiye aliyekuwa akivuta kistari cha mwisho. Tulimtania miaka yote.

Sijamwambia Innocent. Ubunifu una siri zake, na nitamwonesha kiungio changu Jumatatu.

Jumatatu, 16 Agosti. Kilosa.

Maonesho.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Innocent alikifunga kiungio mwenyewe, mara moja tu, bila kufundishwa. Akacheka kama mtoto. Akamwita dereva aje aone: sindano, kibanio cha kuanikia nguo, na mwanga unapita. Akasema mzee Kasian, hii ni kazi ya maana. Makarius, mlangoni, akatangaza kwamba Wangoni hatimaye wamejua matumizi ya sindano. Nilikwisha kuanza kuchagua rangi ya milango.

Kisha Innocent akaleta kile kipimo chake, chombo kinachopeleka mwanga katika uzi na kusubiri mwangwi wa mwisho wake. Huchora mstari, uzi ukiisha, mstari unaanguka.

Mstari ulifika Mikumi. Haukuanguka. Akaongeza umbali. Ukapita Kidodi, kwenye mashamba ya miwa, ambako kampuni haijachimba hata shimo. Akaongeza tena. Ukaendelea, umenyooka, mpaka pembeni ya kioo cha kipimo. Akatoa kiungio changu, akaweka chake cha ng'ambo: uzi ukaishia Mikumi, kama ramani inavyosema. Akarudisha changu. Haukuwa na mwisho.

Innocent alifuta viganja kwenye suruali. Akaniambia shikamoo, ingawa asubuhi alikwisha kuniamkia. Kisha akasema kiungio kinaharibu vipimo, kitupwe, na kazi ya kudumu ni ya Makarius.

Na kota.

Jioni Makarius alikuja bila kuchukua kitu chochote, jambo lisilo la kawaida. Akasema chumba cha nyuma, karibu na jiko, ni changu mpaka mmoja wetu afe, mtani hatupwi. Nikamjibu kwamba Mngoni halali mgongoni kwa Mhehe. Akasema basi nilale tumboni, kuna joto.

Nimekataa. Nina heshima yangu, na nina mpango.

Jumanne, 17 Agosti.

Kiungio sikukitupa. Makarius alipokwenda sokoni nimeingia chumbani, nimefunga madirisha, nimeunga. Wito ulikuwa tayari unangoja.

Nimetoa jina langu. Danieli, kwa mkono wake uleule wa kukawia, akauliza nina pa kukaa? Nikasema mpaka mwisho wa mwezi. Akasema kituo chao hakina karani. Nikauliza kipo wapi. Mbele ya Mikumi. Mbele kiasi gani? Mbele. Akasema kota ipo.

Makarius alinikuta nafunga mizigo. Nilimweleza yote, nikisubiri dhihaka. Nilikuwa hata na jibu zuri kuhusu Wahehe na nyama ya mbwa. Hakutania. Nimemjua mtu huyu tangu tuna meno yote, na leo ni mara ya kwanza hakutania. Akaninyang'anya kibanio. Nikamwambia taja fidia. Akasema safari hii hakuna kukomboa.

"Kasian, mimi ndiye wa kukuzika," akasema, polepole. "Ni haki yangu. Nataka niwe na cha kuzika."

Wivu. Amepata kota yenye jiko linalovuja, mwenzake anapewa kituo kizima. Nimemwachia kibanio. Vidole vyangu vinabana vizuri vilevile.

Treni ni saa nane mchana. Reli nje zimeanza kutetemeka, na mbuzi wamesogea pembeni. Kabla ya kukubali nimeuliza swali moja, maana sasa mimi ni mtu mzima na sidanganyiki: nyumba imekwisha kujengwa, au nitaoneshwa mahali pa kuijenga?

Wamejibu hapohapo. Iko tayari.