Wiki Yangu ya Kupumzishwa

Jumatatu, 2 Agosti 1965

Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mabega yanauma, nyonga zinauma, hata blanketi likinigusa ngozi inauma. Mwaka jana daktari mmoja huko wilayani alinipiga picha, akasema mifupa yangu ni mizima kabisa. Nilifurahi. Nilimwambia kila mtu hapa Sindo kwamba nina mifupa bora. Maumivu yenyewe hayakupata habari hiyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jirani yangu Roseline hakisomi. Mimi nilifika darasa la nne, na darasa la nne la wakati ule si kama la siku hizi.

Leo zamu yangu imetangazwa. Wanawake wengine wana saga ya kulimiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Saga yetu ni nyingine. Aliianzisha Rispa muuza samaki, kwa ajili yetu sisi tunaoumwa mwili mzima na hakuna kidonda cha kuonyesha. Sisi hatulimiani, tunapumzishana. Kila wiki mmoja analala, wenzake wanamtekea maji, wanampikia, wanamfulia. Yeye haruhusiwi kugusa hata mwiko. Jioni tunakaa pamoja, kila mtu anasema panapomuuma, na hakuna anayeulizwa kama ni kweli. Siku ya kwanza nililia. Nikasingizia vitunguu. Benta, ambaye ndiye mkubwa wetu, akasema hapa hakuna vitunguu, mama, lia tu.

Wiki hii wamenipa mimi kwa sababu Jumamosi mwanangu Zadock anaoa. Zadock ni mwalimu. Ana cheti. Ni wa kwanza katika ukoo wetu, na waliobaki wajitahidi. Nimeapa kuingia kanisani kwa miguu yangu na kusimama kando yake, wakwe wanione. Wakwe wanatoka upande wa Ogwedhi. Wazee wetu ndio waliokwenda huko na ng'ombe, mimi bado hawajaniona. Rispa akasema basi, Min Zadock, yaani mama Zadock, lala kuanzia kesho, nguvu uziweke hadi Jumamosi.

Jambo jema. Ila wiki jana aliyepumzishwa ni Roseline. Alilala kwenye kitanda cha springi alicholetewa na binti yake nesi, juu ya shuka nyeupe yenye maua. Benta bado anaisimulia ile shuka. Mimi siwezi kupumzika chini ya kiwango cha Roseline.

Nimewaambia waanze Jumatano. Nimesema kesho nina mgeni.

Jumanne, 3 Agosti

Hakuna mgeni. Kuna kazi.

Chumba cha kulala kilikuwa na moshi ukutani. Nimekwenda kuchimba udongo mweupe kando ya ziwa, nikaubeba, nikausiriba ukuta wote, na chini nikapaka kinyesi cha ng'ombe kwa michoro ya mawimbi. Nikafua mapazia. Nikajaza mtungi, maana watu wakikuta mtungi mtupu watasema nini. Nikachemsha nyoyo, mahindi na maharagwe, sufuria nzima, ili watakaokuja kunipikia wapate chakula.

Mume wangu Cephas alirudi kutoka kwenye cherehani yake sokoni, akasimama mlangoni. Akauliza kama si kesho wanawake wanakuja kunifanyia kazi. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini basi kazi yao naifanya leo. Nikamwambia mambo ya nyumba hayashonwi kwa cherehani.

Alikula. Vidole vyangu vilikuwa havifungi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika taa.

Chumba kimependeza. Kitu cha kulala ndani yake ndicho kimeharibika.

Jumatano, 4 Agosti

Wamekuja asubuhi, wamejifunga kanga viunoni, tayari kwa vita. Wakaangalia mtungi, umejaa. Wakaangalia nguo, zimekauka. Wakafunua sufuria, nyoyo imeiva. Wakabaki wamesimama uani kama watu waliokosa basi.

Rispa akaniomba nimpe mkono. Nikadhani ni salamu. Akaugeuza, akatazama udongo mweupe kwenye kucha, akauliza ni nani aliyesiriba. Nikasema ni Cephas.

Walicheka hadi Benta akaomba kiti. Cephas hajawahi kuinua hata kikombe chake mwenyewe, na Sindo nzima inajua.

Nikalazwa. Nililala nimenyooka, sigeuki. Roseline akasema anaona napumzika vizuri sana, kimya kama maiti. Nikamwambia asante. Ukweli ni kwamba shingo ilikuwa imekataa. Benta akapasha jiwe motoni, akalifunga kwa kitambaa, akaniwekea mgongoni. Jamani. Sijui ni nani aliyemfundisha yule mama. Nikahisi mgongo unalegea kidogo kidogo, na nikalala hadi mchana, kitu ambacho sijakifanya tangu Zadock yuko tumboni.

Nilipoamka Rispa alikuwa amekaa kando ya mkeka, ananipakulia nyoyo yangu mwenyewe kwenye bakuli. Akasema, Min Zadock, siku ukijisikia afadhali ndiyo siku ya kukaa chini. Usingoje uanguke. Kazi ikate vipande, kaa kati ya kipande na kipande. Nikamwambia ni mafundisho mazuri, wengine wayasikie.

Hakuna aliyetaja ukuta. Nimeusiriba bure.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo nimeamka afadhali. Si mzima, lakini kichwa hakina ukungu na vidole vinafunga. Nikasema, huu ndio wakati.

Zadock aliniletea viatu vya kisigino kutoka Kisumu. Sijawahi kutembea navyo. Mtu hawezi kuingia mbele ya wakwe anayumba kama ndama. Aliyekuwa na zamu ya kunilinda ni Roseline. Nikamwambia nakwenda chooni. Nikapitia nyuma ya mahindi, nikavaa viatu, nikaanza mazoezi ya kuingia kanisani. Nikaenda, nikarudi. Nikaenda tena kwa madaha, nikimpungia mkono mama wa bibi arusi. Nikaingiza na wimbo.

Kisigino kikazama shambani. Nikakaa chini bila kupanga.

Roseline akanikuta hapo. Nilingoja maneno yake. Badala yake naye akakaa, kwenye udongo, na gauni lake la bluu. Akasema, dada, nikuambie kitu. Akasema kile kitanda cha springi kinamuua. Kinamchoma kila kiungo. Wiki ile yote, sisi tukiondoka, alikuwa anashuka na kulala chini kwenye mkeka, na alfajiri anapanda tena kabla hatujafika.

Nilifurahi sana. Halafu nikamwonea huruma. Vilikuja kwa mpangilio huo.

Tukakaa tukisuguana magoti kwa mafuta ya kuchua. Hakumwambia Rispa habari za viatu. Nimemsamehe Roseline mambo mengi, isipokuwa ile shuka.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimelipa. Mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Miguu kama imejazwa mchanga.

Zadock amefika na suti yake imekunjwa kwenye karatasi. Amependeza hadi mbwa hawakumbwekea. Akanitazama, akasema, mama, kesho nitakuwekea kiti cha mbele, ukae muda wote. Nikamwambia mimi ni mzima, nani aliyekuambia habari za viti. Miaka yote hii mtoto huyu simwambii kitu. Akiniona nimelala, nasema ni baridi. Akiniona nimeshika ukuta, nasema nakagua ukuta. Nani atamfundishia watoto wa watu akiwa anawaza mgongo wangu?

Ili aamini, nikanyanyua gunia la mchele la arusi, nikalipeleka jikoni mbele ya macho yake.

Lilifika. Mimi nilibaki huko jikoni kwa muda, nikijifanya nahesabu sufuria.

Jioni saga ikakaa. Rispa akasema kesho nitakwenda kanisani kwa mkokoteni wake wa samaki, atauosha. Nikasema mama wa mwalimu haendi arusini kwa mkokoteni wa samaki. Rispa akasema basi tembea. Nikainuka ili nitembee. Nikakaa tena.

Benta akasema watatandika kanga.

Jumamosi, 7 Agosti

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Tuliondoka mapema. Mimi kwenye mkokoteni, gauni la kijani, viatu mapajani. Wenzangu wanasukuma. Sasa fikiria: wanawake wanaoumwa viungo wanamsukuma mwanamke anayeumwa viungo kwenye njia ya mawe. Kila penye kivuli tunasimama, huyu ananyoosha kiuno, yule anakaa. Rispa alisema hatuna haraka, arusi haiwezi kuanza bila mama. Cephas alikuwa ametangulia na wazee.

Karibu na kanisa, kwenye kona, nikaona basi la wakwe. Wanawake wa kwao wamejipanga nje ya mlango, maua mikononi, wanamngoja mama wa bwana arusi. Nikasema nishusheni. Rispa akasema hapana. Nikasema Rispa, niliapa. Rispa akasema kiapo hakina magoti. Nikashuka mwenyewe. Wakati huohuo goti la Roseline likagoma, akajishika kwangu, akawa anaanguka. Basi tukampandisha yeye, na mimi nikashika mpini ili nipate kitu cha kuegemea. Nilionekana natembea vizuri sana.

Tulipofika, wale wanawake walimwona mama mnene mwenye gauni la bluu, ameketi juu ya kanga kama malkia. Wakapiga vigelegele. Wakamwinua Roseline juu juu, maua shingoni, wakamwingiza ndani hadi kwenye kiti cha mbele. Rispa na Benta wakawakimbilia wakipaza sauti kwamba siye, siye, wakamezwa na nyimbo. Roseline anasema alijaribu kusema. Anasema vigelegele vilimzidi. Sijaona mtu aliyezidiwa akiwa anatabasamu hivyo.

Nikabaki na mkokoteni. Dada mmoja wa upande wa wakwe akanijia, mtu wa adabu kabisa, akaniambia, mama, samaki peleka nyuma, jikoni.

Nikapeleka. Ningefanyaje. Kusema mimi ndiye mama kulihitaji pumzi, na pumzi sikuwa nayo. Huko nyuma nikakaa juu ya kuni. Nikasikia mwanangu anaoa upande wa pili wa ukuta. Nikasikia kiti kinasogezwa, mchungaji anakohoa, wimbo unaanza. Nilikuwa nimeuweka mwili wiki nzima kwa ajili ya saa hiyo. Si kweli. Nilikuwa nimeutumia wiki nzima.

Halafu wimbo ukakatika katikati.

Rispa anasema Zadock aligeuka kumtazama mama yake, akamwona Roseline, akauliza kwa sauti ya darasani, mama yangu yuko wapi. Roseline, aliyekuwa ameona dirishani mkokoteni ukipita, akanyoosha kidole, jikoni.

Akaja mwenyewe. Akasema, mama, kwa nini uko hapa. Nikamwambia nakagua wapishi. Nikataka kusimama, nimwonyeshe. Miguu ikakataa kabisa. Akapiga magoti kwenye majivu, na ile suti. Nikamtazama uso wake, mtoto wangu mwenye cheti, na uongo wote niliokuwa nao ukaisha. Nikamwambia, baba, naumwa. Kila mahali. Siku nyingi.

Akasema, mama, najua. Nilikuwa nangoja uniambie.

Rispa na Benta walikuwa wamefika mlangoni. Hakuna aliyesema pole. Wakaninyanyua huku na huku, wakaniweka kwenye mkokoteni, na Zadock akashika mpini. Tukaingia kanisani katikati ya viti, gurudumu linalia, magamba ya samaki yameganda kwenye gauni. Watu wote wakasimama. Mimi peke yangu nimekaa. Mama wa bibi arusi akamuuliza Rispa huyu ni nani. Rispa akasema, tena si kwa kunong'ona, huyu ndiye mama wa mwalimu, yule kitini ni jirani.

Roseline hakutoka kitini. Aliniinamia tu kichwa, kama mgeni rasmi kwa mgeni rasmi.

Zadock alioa akiwa ameshika mpini kwa mkono mmoja. Bibi arusi, Truphena, alishika mkono wake ule mwingine. Nililia. Benta alikuwa karibu, sikutaja vitunguu.

Jumapili, 8 Agosti

Siwezi kugeuza shingo. Siwezi kuinua kijiko. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Saga imekuja na kuondoka. Wameniongezea wiki nyingine ya kupumzishwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa hiyo sasa nimempita Roseline. Rispa amenisemesha sana. Amesema nimejifunza sasa. Nimesema ndiyo, nimejifunza. Amesema nirudie. Nikarudia: nikae kabla sijachoka, kazi niikate vipande, wanaonipenda niwaambie panapouma, nyumba isisafishwe kwa ajili ya wanaokuja kuisafisha. Amesema vizuri sana. Amenifunika, ameniwekea jiwe la moto, ameenda kuuza samaki.

Kesho asubuhi Truphena anakuja kuanza kunisaidia. Zadock amemwambia mama anaumwa, asiguse kitu, kila kazi ni yako. Msichana mzuri, ana heshima, na kwao Ogwedhi wana ng'ombe wengi.

Cephas yuko kanisani. Nyumba imetulia. Kutoka hapa nilipolala naona mtungi, na mtungi umefika nusu. Jikoni kuna majivu. Kwenye ukuta mweupe kuna alama ya mkono, nadhani ni wa Roseline.

Sasa mkamwana aje asubuhi akute hivi, aseme mwalimu katoka kwenye nyumba ya namna gani.

Nitaamka kidogo tu. Mtungi, majivu, na ule ukuta. Halafu nitapumzika, na hapa Sindo hakuna atakayewahi kupumzika kama mimi.