Dishi la Juu ya Gari, na Nani Aliyechoma Kiwanda

Jumatatu, 4 Agosti

Bibie,

Nimeamua. Dishi litapatikana wiki hii, au nisiitwe mume wako.

Sehemu ya mwisho ya tamthilia yako inaonyeshwa Jumamosi saa kumi jioni. Sehemu ya mia mbili na kumi na nne! Wewe uliishia ya mia mbili na mbili. Zilizofuata nimeziangalia peke yangu, kalamu mkononi. Mpaka leo hatujajua nani alichoma kiwanda cha mabati. Wewe ulisema mhasibu. Mimi nikasema mlinzi. Kule wodini ulinishika kidole gumba, si mkono, kidole gumba tu, ukasema nikishajua nikuambie. Na niiangalie ndani ya gari letu, kando ya bwawa, kama tulivyopanga.

Gari liko tayari. Mvua ikinyesha bado linanukia mikate ambayo lilikuwa likiisambaza zamani. Kitanda kipo. Jiko lipo. Mapazia uliyoshona yapo, na lile moja fupi sijaligusa. Kilichobaki ni dishi.

Muuza dishi ana aina tatu. La kwanza lina miguu mitatu. Unalisimamisha chini, nje ya gari, na kulielekeza kwa mkono kila unapoegesha. La pili limo ndani ya kuba jeupe, kama chungu kilichofunikwa. Unabonyeza kitufe, linazunguka lenyewe mpaka liione setilaiti. La tatu ni la kawaida, la kufunga kwenye ukuta wa nyumba. Hilo, akasema, kwa gari halikufai, mzee wangu, nakuambia kama mwanao.

Nimerudi na makaratasi matatu na kichwa kinachouma.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji amekuja. Kaka yako huyo, tangu anunue gari lake la kulala anavaa kofia ya kapteni. Hata kwenye kiti cha sebuleni.

Ana dishi la kuba. Akaniambia ninunue kama lake, nisihangaike. Yeye hubonyeza tu, akasema, halafu anakunywa chai, shemeji, chai! Akaonyesha kwa kidole anavyobonyeza. Mara tatu.

Basi kuba limetoka kwenye orodha. Ningefanyaje? Miaka thelathini na moja mtu huyu amenifundisha kuegesha gari, kunyoa ndevu na kukaanga mayai. Setilaiti nitaipata mwenyewe.

La miguu mitatu binti yetu amelikataa. Mgongo wangu, eti. Kisha akauliza kwa upole kwa nini nisiangalie hapa nyumbani, televisheni si ipo ukutani? Nikamwambia hapana. Akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimenunua la tatu! Najua wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Wahenga hawakufanya kazi stoo. Miaka yangu yote ya kutunza stoo imenifunza jambo moja: kitu kikishawekwa mahali pake, hakisogezwi. Dishi la kuzunguka-zunguka ni dishi lisilo na msimamo.

Muuzaji aliniuliza mara mbili kama ni la nyumba. Nikajibu ndiyo. Mtu analala humo, anapika humo. Sikudanganya.

Fundi dishi akaja mchana. Unamkumbuka, yule anayekisemesha kipimo chake kama anabembeleza mgonjwa. Akapanda juu ya gari, akalielekeza, akapata asilimia tisini na mbili. Picha safi, unaona hata mbu kwenye shingo ya msoma habari. Alipokuwa akishuka alisema gari lisisogezwe. Nikamwitikia. Nilidhani ni mpaka gundi ikauke.

Boliti nane. Gundi ya mabati kopo zima. Halafu nikamwita mchomeleaji aongeze vyuma vinne. Akaniuliza kama nina hakika, maana hapo hata tetemeko halitaling'oa. Nikamwambia ndicho ninachotaka.

Nilikaa kitandani mle garini nikaangalia habari za hali ya hewa mpaka mwisho. Nilikuachia upande wako.

Ijumaa, 8 Agosti

Maskini mimi.

Tumefika bwawani salama. Nasema tumefika kwa mazoea. Nikaegesha pale tulipochagua, dirisha likaangalia maji. Nikawasha televisheni. Hakuna mawimbi. Nikazima, nikawasha. Nikaipiga kofi dogo. Hakuna mawimbi.

Ilinijia polepole. Nyumbani pua ya gari ilielekea lango. Hapa imeelekea bwawa. Gari limegeuka, dishi nalo limegeuka. Setilaiti haikugeuka. Bibie, dishi langu linaiona setilaiti kutoka uani kwetu tu, na siwezi kulisogeza hata upana wa ukucha. Nimelipia vyuma vinne kuhakikisha hilo.

Nikakaa kwenye ngazi ya gari. Shemeji akaja na mkewe kutoka gari lao, maana nao wamepiga kambi hapa hapa. Akalizunguka langu mara mbili, mikono nyuma. Hakucheka. Hapo ndipo niliumia. Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Akasema kesho nije kwake, kiti kipo. Nikamshukuru, nikamwambia nina mpango.

Sikuwa na mpango. Ila mtu akishatamka hana budi autafute. Nao huu hapa: kama dishi haligeuki, ligeuke gari zima!

Tulihangaika saa moja na nusu. Mimi usukani. Mke wa shemeji ndani, akisoma asilimia kwa sauti ya mnadani. Sifuri! Sifuri! Kumi na mbili, rudi! Arobaini, we mzee rudi, umepita! Shemeji nje akiongoza kwa mikono yote miwili kama anateremsha ndege. Tukaipata. Asilimia sabini na moja. Pua ya gari imo ndani ya ua wa miiba, tairi moja juu ya tofali, na mkia umeziba njia pekee ya kuingilia kambini.

Lakini picha! Mtu alikuwa akitangaza sabuni. Nikalia kwa tangazo la sabuni.

Msimamizi wa kambi akaja amekunja uso. Nikamweleza. Nikamweleza na habari zako. Akavua miwani, akaifuta, akasema basi mzee wangu, kaa mpaka kesho jioni, hakuna mgeni anayetarajiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa kumi kamili, viti viwili vikaelekea televisheni. Chai tayari. Ilianza.

Saa kumi na nusu, mpelelezi akawakusanya wote ndani ya kiwanda kilichoungua. Mhasibu yumo, anatoka jasho. Mlinzi yumo, anaangalia viatu vyake. Mpelelezi akasema, nitamtaja.

Honi.

Honi tena. Gari la kunyonya maji taka! Msimamizi alikuwa amelisahau. Vyoo vya kambi nzima vimejaa tangu Alhamisi, na nyuma ya msimamizi walisimama watu kama kumi, nyuso zao sitaki kuzieleza. Nikaomba dakika kumi. Dereva akaniambia mzee, ningekupa hata ishirini, lakini waulize hawa. Mama mmoja alikuwa na watoto watatu, wote wamebana miguu. Nikawaangalia. Nikawasha gari.

Hakuna mawimbi.

Shemeji akaniita kutoka mlangoni kwake, kimbia! Nikakimbia na ndala moja. Nilipofika kwenye ngazi yao, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda.

Na kaka yako, Bibie, alikuwa analia. Kofia magotini, kiganja mdomoni. Kumbe ameiangalia wiki zote hizi naye. Hakumwambia mtu. Alisema ulikuwa ukimpigia simu kila Jumapili kumsimulia, na simu ilipokatika hakujua afanye nini na Jumapili.

Akafungua mdomo aniambie ni nani. Nikaziba masikio. Akasema shemeji, si niseme tu, imekwisha? Nikamwambia niliahidi kuiona mwenyewe. Akasogea, akanipa nafasi. Tukanywa chai. Hakunifundisha namna ya kushika kikombe.

Nilirudi nikipita kambi nzima inaijadili, vidole masikioni, nikiimba kwa nguvu. Watoto wa yule mama waliitikia kiitikio.

Jumapili, 10 Agosti

Marudio ni Jumatano, saa nne asubuhi.

Binti yetu amepiga simu. Nirudi nikaangalie ukutani, hatasema neno, atakaa jikoni. Shemeji naye anataka kunipa gari lake lote, na kuba lake, na kitufe. Ameuweka ufunguo mezani kwangu akaondoka haraka kabla sijamjibu.

Wema wao umenichoma. Lakini nimekaa nimefikiri vizuri, nimeona kosa lilipo. Dishi ni dogo. Muuzaji analo la mita moja na nusu, na kubwa kama lile lazima linaona pande nyingi. Mchomeleaji nimeshampigia. Safari hii vyuma sita. Tutalifungia nyumbani uani, palipo na nafasi ya kutosha, kisha nitakuja nalo hapa bwawani.

Asubuhi mke wa shemeji alianza kusema, kumbe yule, nikatoka mbio mpaka kwenye maji. Nilipokuwa nimeinama pale natweta, nikawaza: siku nikijua, nitakuambia. Nikishakuambia, nitakuwa nimebakiwa na nini cha kukuambia?

Sikulipenda wazo hilo. Nikarudi nikapima paa.

Usimuulize mtu mwingine huko. Habari hii ni yangu kuileta, hata nikichelewa. Wewe nikumbuke tu.