Akili Mfukoni na Viroba vya Ryoba

Jumatatu, 4 Septemba 2023. Nyakunguru.

Imekamilika! Miezi minne ya kuchora kwenye daftari hili hili, kurasa za kushoto app, kurasa za kulia maisha yangu. Dullah wa Tarime, anayeuza makava ya simu na kujua kompyuta, amemaliza kuitengeneza. Inaitwa Akili Mfukoni. Mtu anaandika alichopata, anaandika alichotumia, inamwambia amebaki na nini. Wachimbaji wote wa hapa wanalia kwamba dhahabu wanaiona na hela hawazioni. Dawa yao ninayo mimi, Zablon, niliyechimba miaka miwili nikatoka na kikohozi.

Kila jioni saa kumi na mbili simu inalia na kuandika: Habari yako, Zablon. Leo umetumia nini? Nimeijaribu leo. Nikajibu sukari, mia tano. Ikasema asante. Nikagundua tangu asubuhi hakuna mwingine aliyeniuliza chochote.

Halafu Frida, mama wa mtoto wangu, akapiga kutoka Ringwani. Mtoto atabatizwa Jumapili ya tarehe kumi na saba, ataitwa Agustina, jina la mama yangu. Ana miezi minane na nimemwona kwenye picha tu. Frida anasema nisipofika, kaka yake Nikolaus atasimama mahali pangu na kumbeba mbele ya kanisa zima. Nikolaus! Mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Nikamwambia Frida nitafika kama mwanaume, kwa gari la kukodi. Akasema hata basi linatosha, Baba Agustina, wewe njoo tu.

Nauli ipo. Elfu ishirini na tano, ndani ya soksi. Haiguswi.

Jumatano, 6 Septemba.

Uzinduzi umefanyika kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa. Watu kumi, simu za kupangusa tatu, waliobaki wana vitochi. Nimehutubia vizuri. Nimetumia neno bajeti mara saba.

Mzee Ryoba, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kubwa kuliko yote upande huu, akaishika simu na kusoma ile salamu. Akauliza mimi wa umri gani hata nimwambie habari yako badala ya shikamoo. Nikasema si mimi, ni app. Akasema na hiyo app ina umri gani.

Kisha akauliza pa kuandika kiroba. Nikasema hapa panaandikwa shilingi, mzee. Akasema mura, yaani kijana, hapa nani analipwa shilingi? Kila mtu akitoka shimoni anagawiwa viroba vyake vya mawe. Ndani kuna nini, Mungu anajua na karasha linajua. Mshahara wetu ni mawe, andika mawe.

Wakacheka. Nami nilichimba miaka miwili, nililipwa viroba hivyo hivyo, nikasahau kuviweka! Nimejisikia mjinga.

Na aliyefaidika ni nani? Nashoni. Fundi seremala wa chumba cha pili, anagonga vibubu vya mbao vya kuwekea akiba siku nzima ukutani kwangu, na kila kimoja amekiandika Haba na Haba kwa rangi nyekundu. Aliona watu wamekusanyika, akaja na kapu, akauza vinne. Kwenye uzinduzi wangu! Kibubu hakisalimii mtu. Kibubu ni boksi lenye ufa.

Ijumaa, 8 Septemba.

Nimepata ufumbuzi nikiwa naosha sahani. Kiroba kipewe bei! Mtu aandike viroba viwili, app igeuze shilingi yenyewe. Bei ipi? Nimeuliza ni kiroba gani kilitoa vizuri kuliko vyote mwaka huu. Kilikuwa cha Ryoba, mwezi wa pili, laki nane. Basi kila kiroba ni laki nane. Kupanga bila matumaini si kupanga.

Nimepata lifti ya lori hadi Tarime. Dullah akaguna. Akasema kaka, mawe ni mawe, huwezi kuyahesabu kama hela. Nikamwambia wataalamu hamna imani. Akasema imani sawa, kazi ni elfu kumi, na shikamoo ya wazee ndani yake.

Nimechukua elfu kumi kwenye soksi. Hiyo si kuigusa nauli. Nauli nimeiazima, na aliyeazima ni mimi, na mimi najiamini.

Jumapili, 10 Septemba.

Ushindi! Watumiaji kumi na tisa. Wanarushiana kwenye simu wenyewe. Sijawahi kuona watu wakifurahia bajeti namna hii. Mzee Ryoba ana viroba sita vinasubiri karasha, na simu yake inamwambia: Shikamoo mzee Ryoba. Salio lako ni shilingi 4,800,000. Ameisoma kwa sauti mara tatu. Halafu akachinja mbuzi.

Mimi sikuitwa. Nadhani walisahau. Niliketi mlangoni, harufu inanifikia, vicheko vinanifikia. Nilivaa kabisa shati la kola, iwapo mtu atatumwa kuniita. Hakutumwa mtu.

Jioni Nashoni akaja na sahani ya nyama. Akasema alipita kule akanikumbuka. Dharau tu hiyo, anataka nione kwamba yeye aliitwa. Nimekula yote. Saa kumi na mbili app ikauliza nimetumia nini. Nikaandika: nyama, shilingi sifuri. Ikaniambia asante, Zablon. Nimekaa nayo mkononi muda mrefu.

Jumanne, 12 Septemba.

Mimi ni tajiri. Mzee Ryoba amenishukuru kwa viroba viwili. Nimeviburuta hadi chumbani, vimelala miguuni pa kitanda. Nimeandika viwili, app imejibu: Hongera Zablon, salio lako ni shilingi 1,600,000. Kwa hesabu ya chombo nilichobuni mwenyewe!

Nimempigia Frida. Nimemwambia nakuja na gari aina ya Noah, na keki ya ghorofa mbili, na suti, na Nikolaus nitamnunulia soda kubwa anywe akiwa amekaa. Frida akauliza, hayo mawe yameshasagwa? Nikamwambia asilete mambo ya kizamani. Akasema Baba Agustina, mtoto hali keki. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Nikataka kumwambia aweke simu karibu nimsikie vizuri, nikaona haya, nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Nimemlipa mwenye Noah arubuni, elfu kumi na tano. Soksi sasa ni soksi.

Alhamisi, 14 Septemba.

Sijui nianzie wapi.

Karasha limesaga viroba sita vya mzee Ryoba tangu asubuhi. Wakaosha unga wake, wakachoma zebaki itoke. Mnunuzi akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena. Kilichopatikana hakikutosha hata kulipia kusaga. Vyangu viwili vimetoa vumbi. Vumbi zuri, laini, la rangi ya kahawia.

Mzee Ryoba hakukasirika mara moja, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akanipa simu yake kwa upole na kusema haidhuru, zile milioni nne na laki nane zilizomo humu nimtolee, alipe mbuzi na karasha. Nikamwambia hazimo, mzee. Akasema zimo, soma. Nikasoma. Akasema sasa toa. Watu kumi na saba nao wakanyoosha simu zao, kila mtu na salio lake. Nikawaeleza tofauti ya makadirio na fedha taslimu. Kuna mtu alinirushia kandambili.

Wamefuta app mbele yangu, mmoja mmoja, kama watu wanaonawa mikono. Watumiaji waliobaki: mmoja. Mwenye Noah anasema arubuni hairudi.

Jioni Nashoni akagonga. Nilikuwa tayari kwa kejeli, nilishaandaa majibu matatu. Hakucheka. Akaniwekea kibubu kipya mezani. Ndani yake, akasema, ameweka elfu ishirini na tano ya mauzo ya wiki. Nisikivunje mpaka Jumamosi asubuhi, nikivunjie stendi, nipande basi. Akasema jirani, mtoto habatizwi mara mbili. Akaongeza kwamba mtoto wake alibatizwa yeye akiwa huku Nyakunguru, na siku hizi mtoto huyo anamwita anko.

Nilitaka kusema asante. Nikasema ufa wa kibubu hauko katikati. Akasema kweli, akaenda.

Jumamosi, 16 Septemba.

Nieleze kwa utaratibu. Kibubu kilivunjika jana. Kilivunjika kwa nyundo, niliyoiazima kwa Nashoni mwenyewe, nikamwambia ni ya kurekebisha kitanda.

Sababu ni kwamba alfajiri ya jana niliona kosa lilipo. Kosa si app. Kosa ni laki nane! Iwe laki nne kwa kiroba cha kawaida, na laki nane kwa kiroba cha mzee Ryoba. Marekebisho ya siku moja. Jana Dullah hakuwepo dukani, kwa hiyo nimerudi leo. Mpango ulikuwa mzuri: asubuhi kwa Dullah, mchana watumiaji warudi na shukrani zao mkononi, jioni gari, kesho kanisani.

Niliposhuka stendi ya Tarime basi lilikuwa limewashwa. Konda akanishika mkono, akasema Ringwani, Ringwani, mzee, siti ya dirishani imebaki moja. Hela yote ilikuwa mfukoni. Nilisimama. Niliona kabisa vile nitashuka, mikono mitupu, vumbi la viroba kwenye viatu, Nikolaus akianza kucheka kabla sijasalimia. Nikamwambia konda nitapanda linalofuata.

Dullah elfu ishirini, bando elfu tano. Amemaliza saa kumi na moja jioni. Nilipouliza konda mwingine kuhusu linalofuata, akasema linalofuata ni kesho kutwa.

Jumapili, 17 Septemba.

Nimerudi Nyakunguru kwa lori la mawe. Nashoni alikuwa nje akipiga randa. Akaniona. Akaweka randa chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Leo ukuta wangu haukugongwa hata mara moja. Kumbe nilikuwa nimeuzoea.

Saa saba Nikolaus ametuma picha. Amembeba Agustina, gauni jeupe, maji bado yanang'aa kwenye paji la uso. Nikolaus hacheki. Anamtazama mtoto. Mtoto ameshika kola yake. Frida hakuandika kitu. Nimeikuza picha mpaka vikabaki vidole vitano na kitambaa. Nimelia, naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema.

Saa kumi na mbili simu ikalia. Nikairukia, nikidhani ni Frida.

Habari yako, Zablon. Leo umetumia nini?

Nikajibu: hakuna.

Ikasema: Hongera! Leo hujapoteza kitu.

Ni maneno niliyoyachora mwenyewe, ukurasa wa kushoto, mwezi wa tano. Nimeyasoma mara nyingi.

Hata hivyo, kipaimara kipo. Miaka kumi na miwili si mingi kwa mtu mwenye mpango. Nimefungua lengo jipya: Kipaimara cha Agustina, kwenda na Noah. Na leo nikipita kwenye karasha nimeona viroba vitatu vya mzee Ryoba vimeegemezwa ukutani. Hasira zake zikiisha, hakosi kunigawia. Nimeviandika.

Salio: shilingi 2,400,000.