Mtahiniwa Mwekundu wa Milango Miwili

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimeanza kazi kubwa ya maisha yangu. Nanunua gari la michezo! Lililotumika, la bei ya mwalimu, lakini la michezo. Nitalisuka upya mpaka lipande Mlima wa Tangi kwa chini ya dakika nne. Mwenye rekodi kwa sasa hayupo, maana hakuna mwingine aliyewahi kuwaza kupima. Ndivyo tulivyo sisi waanzilishi.

Wengine hununua gari kwa macho. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimechora jedwali. Injini 30, bodi 20, breki 20, gia 15, vipuri 15. Jumla mia. Kila gari ni mtahiniwa, na mtahiniwa habembelezwi.

Mke wangu amekubali kwa sharti moja. Kila Alhamisi mama yake anakwenda kliniki kufanyishwa mazoezi ya goti, na kliniki iko juu ya mlima huo huo. Akikosa zoezi hata mara moja kwa sababu ya gari langu, gari linauzwa. Amenitaka nitie sahihi kwenye daftari. Nimetia, tena kwa mbwembwe.

Jumapili, 4 Mei

Uwanja wa dalali. Nimekwenda na kalamu nyekundu, jedwali, na mama mkwe. Huyu wa mwisho alijialika. Aliendesha mashine ya kusaga nafaka na lori lake la magunia kwa miaka thelathini, na anadai injini anaijua kwa sikio.

Mtahiniwa wa kwanza, bluu. Ukikaa ndani unaona ardhi. Alama 31. Wa pili, kijivu, milango minne, sura ya karani wa bima. Kila nilichogusa kilifanya kazi. Alama 84. Inachosha.

Wa tatu! Mwekundu. Milango miwili. Chini kabisa, na nyuma ana bawa la kukata upepo. Injini ilikohoa mara sita kabla ya kuitika. Breki zinafikiri kwanza. Nilisahihisha kwa haki. Alama 46.

Mama mkwe alifumba macho, akasikiliza magari yote matatu, akasema la kijivu, kisha akaomba kiti. Nilimshukuru kwa mchango wake.

Nyumbani nimelipitia jedwali upya na kugundua kasoro kubwa. Nilisahau Haiba! Nimeiongeza, alama 40. Mwekundu amepata arobaini kamili, jumla 86. Wa kijivu nimempa moja kwa huruma, jumla 85. Nambari hazina upendeleo.

Jumatatu, 5 Mei

Ni langu! Nimeliandikia ripoti ya kwanza: Ana uwezo, akijitahidi atafika mbali.

Jedwali nimeliacha juu ya meza ya ofisi ya walimu, wenzangu wajifunze namna mtu mzima anavyofanya uamuzi. Mwalimu wa jiografia alilishika muda mrefu. Tunamwita Rula, kwa jinsi anavyosimama na kwa jinsi anavyopima maneno ya wenzake. Ameduwaa, masikini.

Jumatano, 7 Mei

Rula amenunua la kijivu! Ameliegesha ubavuni mwa langu, mchana kweupe. Nilimuuliza kulikoni. Akasema alisoma jedwali langu mpaka kwenye mia, akaridhika, hakuona haja ya kuendelea. Akanishukuru mbele ya ofisi nzima.

Namsikitikia. Gari lake linawaka mara moja tu, halina hata msisimko. Langu lilipowaka leo wanafunzi walipiga makofi. Lake nani amelipigia?

Alhamisi, 8 Mei

Safari ya kwanza ya kliniki. Kumwingiza mama mkwe kwenye gari la chini namna ile kunataka mbinu. Anaingia kinyumenyume, mimi nashika mkoba, mke wangu anashika goti. Nilimkabidhi mama mkwe saa ya michezo ya shule apime muda.

Dakika sita na sekunde arobaini mpaka getini kwa kliniki. Sio mbaya kwa mtahiniwa asiye na tuisheni. Mama alisema nabadilisha gia kama mtu anayebamiza milango kwa hasira. Lakini tukirudi aliuliza, taratibu, kama haliwezi kwenda kasi zaidi. Kifua kilinivimba. Nyumba hii hatimaye ina watu wawili wenye akili.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya kupunguza uzito. Nimeazima mizani ya idara ya michezo. Zimetoka siti za nyuma, tairi la akiba, jeki, zulia na kisahani cha majivu. Jumla ya kilo hamsini na tatu na nusu! Siti za nyuma nimeziweka sebuleni. Mke wangu amekalia moja, akanyoosha miguu, akasema hiki ndicho kitu cha kwanza cha gari hili kinachofanya kazi.

Halafu nikafungua boneti na kugundua siri ambayo watengenezaji wamewaficha watu miaka yote. Nguvu ya injini inatumika kuzungusha feni. Feni! Gari linakwenda kwenye upepo na bado linajipepea! Nilimwambia fundi aitoe. Akakataa katakata, akasema ana jina la kulinda hapa mtaani. Woga wa watu wadogo. Nimeitoa mwenyewe, boliti nne tu, na nimeitundika ukutani sebuleni, juu ya siti. Inapendeza.

Nimezunguka mtaa mara moja. Linaruka! Sijawahi kujivunia kiasi hiki tangu siku ya harusi, na siku hiyo gari lilikuwa la kukodi.

Alhamisi, 15 Mei

Siandiki leo.

Naandika. Miadi ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Kabla ya kutoka, mama mkwe aliitazama feni ukutani, akauliza kama si ya gari. Nikamjibu ni ya akiba. Akanitazama mimi vile vile alivyoitazama feni.

Chini ya mlima akabonyeza saa. Kona ya kwanza, sekunde hamsini! Kona ya pili, nikaanza kuimba. Mama akasema mashine inachemka, anaisikia. Nikamwambia hiyo ni sauti ya mafanikio. Kona ya tatu, moshi mweupe ukafunika kioo, gari likatetemeka na kuzima. Mama akasimamisha saa. Dakika mbili na sekunde kumi. Kwa kipande hicho cha barabara ni rekodi, hakuna anayeweza kuipinga.

Akauliza, bila kupandisha sauti, kama ile feni ya ukutani kweli ni ya akiba. Nikajifanya nachunguza mawingu.

Ndipo likaja la kijivu, kimya, bila hata kupumua. Rula anakaa upande wa pili wa mlima. Alishuka, akatazama moshi, akanitazama mimi, na hakucheka. Hapo ndipo aliponimaliza. Akafungua mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma! Mama mkwe akaingia uso mbele, kama binadamu, wakaondoka.

Walichelewa. Mgonjwa mwingine alishachukua nafasi yake, mama akaambiwa arudi Jumatatu. Nimejaribu kumweleza mke wangu kwamba zoezi halikukoswa, limeahirishwa. Hakubishana. Alileta daftari, akanionyesha sahihi yangu na mbwembwe zake.

Nimekaa sebuleni kwenye siti ya nyuma. Nimeona aibu, na kwa kuwa hii ni shajara yangu naweza kusema. Nilimsimamisha mama wa watu kando ya barabara, kwenye jua, na goti lake, ili nipate sekunde chache. Na hata angepiga kelele ningejisikia nafuu. Aliniuliza tu kama nimekunywa maji.

Jumapili, 18 Mei

Dalali alikuja kulichukua. Alilizunguka mara mbili, akapiga teke tairi, akataja bei. Siiandiki hapa, karatasi itaona haya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikubali, roho ikiniuma, mara mama mkwe akatoka ndani. Mkono mmoja fimbo yake. Mkono mwingine feni, ameing'oa ukutani mwenyewe.

Akamwambia dalali asante kwa kuja, gari lina mteja. Mteja ni yeye.

Nilidhani jua limempanda kichwani. Mke wangu alidhani hivyo pia, akamletea kiti. Akakaa, akaeleza. Alisema la kijivu ndilo gari zuri, hilo alishalisema na hakusikilizwa. Lakini tangu auze mashine yake hajasikia kitu kikinguruma chini ya miguu yake, na wiki ile ya kwanza mlimani alilala akitabasamu. Alisema amechoka kuingizwa kinyumenyume kwenye gari la mtu mwingine. Afadhali aingizwe kinyumenyume kwenye la kwake.

Masharti yake: feni inarudi, tairi la akiba linarudi, jeki inarudi. Fundi atafanya kazi, yeye atasikiliza, mimi nitashika tochi na kufunga mdomo. Siti za nyuma zinabaki sebuleni, mke wangu amegoma kuzitoa.

Alhamisi, 22 Mei

DAKIKA TATU NA SEKUNDE HAMSINI NA MBILI!

Siku tatu fundi alikaza na kulegeza, mama akiwa amefumba macho na kunyoosha kidole, juu, chini, hapo hapo. Zoezi la Jumatatu lilifanyika, na mtaalamu wa mazoezi akamwambia kukanyaga klachi hakutalidhuru goti, hata kutalisaidia. Basi leo kaendesha mwenyewe. Mimi nilikaa kushoto kwake na saa mkononi, mkoba mapajani.

Hakubamiza gia hata moja. Kona ya tatu tulimkuta Rula. Mama alipiga honi mara moja, kwa adabu, akampita kama amesimama! Nilimpungia mkoba. Tulifika mapema mno hata tukaambiwa tusubiri. Nilimweleza mlinzi wa geti kila kitu. Halafu nikamweleza karani wa mapokezi. Halafu mgonjwa mmoja ambaye hakuwa na namna ya kuondoka. Machozi yalinitoka, na sijali nani aliyaona.

Kwenye daftari la rekodi nimeandika: Gari, lililokuwa langu. Mbunifu, mimi. Mtunza muda, mimi. Dereva, mama mkwe.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi mke wangu aliniuliza, tukinywa chai kwenye siti za nyuma, nimejifunza nini katika mkasa huu wote. Nikamwambia mengi. Akafurahi, akaniongezea chai.

Na ni kweli. Nimejifunza kwamba nilikuwa sahihi. Nani alimchagua mwekundu dunia nzima ikimcheka? Nani alisema uzito upungue? Siti za nyuma ziko wapi leo? Kosa langu lilikuwa moja tu, Haiba niliipa alama chache mno. Nimeipandisha mpaka 60.

Mchana nilipita kwa dalali. Kumsalimia tu. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni kwa bahati.

Nyuma kabisa, baada ya rundo la matairi, yupo mmoja wa manjano. Milango miwili, mmoja unafunguka. Mabawa mawili! Nilipofungua boneti nilimkuta paka na watoto wake wanne, na hakuna kingine. Dalali anasema injini si shida, injini zipo kila mahali. Nimesahihisha kwa haki. Injini 0. Gia 0. Bodi 0. Vipuri 0. Breki sikuweza kuzipima kwa kuwa halitembei, lakini kwa nusu saa nzima niliyokuwa pale halikusogea hata kidogo, basi nimezipa 20 kamili. Haiba 60.

Jumla 80. Na kwa uzito, bila injini, hakuna gari jepesi kama hili popote.

Mke wangu bado sijamwambia. Nimeshaandika ripoti. Ana uwezo.