Ushahidi Umetoa Maua

Haya nimeyapata kwa wifi yangu, mpika chai wa Idara ya Kujitosheleza kwa Chakula, juzi tulipokuwa tukipukuchua maharage. Wifi haongezi chumvi. Chumvi ya ofisi hufungiwa kabatini.

Idara ilitangaza kwamba sasa taifa litajilisha lenyewe. Na ili lijilishe vizuri, mkulima asipande tena mbegu aliyoivuna mwenyewe. Anunue. Mbegu ya nyumbani haina cheti, na kisicho na cheti kikiota, kimeota kinyume cha sheria.

Basi wakachukua gunia la mbegu za maharage la mkulima mmoja, Shangazi. Hakuwa na jingine, na mvua zilikuwa mlangoni. Akafunga safari hadi kwa Mkurugenzi wa Idara, mtoto wa kaka yake, aliyemlea kwa mikono yake.

"Shangazi, hapa ofisini mimi ni Mkurugenzi."

"Haya, Mkurugenzi. Futa uji kidevuni, kisha nipe mbegu zangu. Nisipopanda, nitakula nini, tangazo lako?"

"Gunia ni ushahidi. Haliguswi mpaka kesi isikilizwe."

"Itasikilizwa lini?"

"Kamati ya kupanga tarehe bado haijapangiwa tarehe."

Gunia likawekwa kwa heshima zote ofisini kwake, juu ya masanduku ya udongo uliosubiri kupimwa tangu Mkurugenzi akiwa na nywele. Mvua zikaja. Paa la Idara likachagua kuvuja papo hapo. Gunia likaoza, maharage yakashuka udongoni, yakachipua, yakaparamia kabati la mafaili, yakalikumbatia koti la Mkurugenzi.

"Yang'oeni," akasema.

"Kuharibu ushahidi ni kifungo, mkuu," mwanasheria wa Idara akamkumbusha. "Uliandika mwenyewe."

"Basi yaacheni yakauke."

"Kuuacha ushahidi ufe, hilo nalo uliliandika."

Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaazimia ushahidi umwagiliwe maji. Mhasibu akakabidhiwa ndoo. Shangazi akaitwa shahidi, awe anakuja asubuhi kuutambua ushahidi wake. Akawa anautambua kwa kupalilia. Idara ikaripoti wizarani: ushahidi umetoa maua. Baadaye ikaripoti: ushahidi umezaa.

Hapo Waziri akaja mwenyewe. Akasukuma majani mpaka akaona kiti.

"Nani analima humu?"

Mwanasheria akakohoa, akasoma kanuni. Mkulima ni mwenye chumba. Aliyeotesha mbegu asiyoinunua apelekwe shamba la familia, akafunzwe kwa jembe mpaka avune. Na mazao yaliyokulia chini ya paa la Idara ni mbegu bora ya taifa, apewe atakayemfunza.

"Kuna shamba lililo tayari?" Waziri akauliza.

"Langu," akasema Shangazi, akijaza maharage kikapuni. "Hata jembe lake la utotoni ninalo."

Mvua za pili zilipoanza, Mkurugenzi alikuwa shambani. Jioni ya kwanza alirudi na malengelenge viganjani, akaketi mkekani.

"Shangazi, kesho naomba ruhusa."

"Peleka ombi kwenye kamati."

"Kamati ya nani?"

"Mimi na mvua. Mvua imeshasema tupande. Mimi bado natafakari."

Hakusubiri jibu. Alikoroma pale pale, uji kidevuni. Shangazi akamfuta, akamfunika shuka, akaegemeza ukutani kikapu chake cha mbegu, sasa nusu kitupu, naye akalala.